USB Si Volti 5 Peke Yake

Uliza kwenye vibanda vya mafundi wa simu kando ya Oginga Odinga Street mjini Kisumu, au kwenye vyumba vya wanafunzi kule Maseno, USB ina umeme kiasi gani. Utajibiwa volti 5, na aliyekujibu hatahitaji kufikiri. Jibu hilo limewasaidia wengi na limeunguza bodi nyingi vilevile, kwa sababu ni kweli kwa waya mbili tu kati ya nne zilizomo ndani ya kebo. Zile mbili nyingine hazitakiwi kuonja volti 5 hata kidogo. Na hata kwa zile mbili za umeme, volti 5 ni ahadi inayotolewa pale kwenye poti. Kinachofika kwenye bodi yako ni habari nyingine.

Nitafafanua kwa mradi mmoja, ule ambao karibu kila anayeanza elektroniki upande huu huufikiria siku moja: kifaa cha kuangalia maji kwenye tangi. Mfereji ukikauka siku mbili tatu, mwenye nyumba anataka kujua kilichobaki juu bila kupanda ngazi. Kwa hiyo mtu ananunua bodi ya ESP32, ambayo ni kompyuta ndogo ya kupakiwa programu yenye Wi-Fi, sensa ya HC-SR04 inayopima umbali kwa mwangwi, na moduli ndogo ya SIM800L ya kutuma SMS. Umeme atautoa kwenye chaja ya simu, pawabenki, au poti ya USB ya mtambo wa sola wa nyumbani. Kwenye karatasi, vyote ni vya volti 5 au karibu na hapo. Akiviunganisha mezani, bodi inajizima na kujiwasha, sensa inatoa namba za ajabu, na SMS haiendi. Haraka anailaumu programu aliyoandika, na mara nyingi programu haina kosa lolote.

Tuanze na waya zenyewe. Kebo ya USB 2.0 ina waya nyekundu ya umeme, nyeusi ya graundi (njia ya umeme kurudi), kijani iitwayo D+ na nyeupe iitwayo D-. Hizo mbili za mwisho ndizo za data. Kebo za bei ya kando ya barabara huwa haziheshimu rangi, basi usikate na kuunganisha kabla ya kupima. Nyingine zina waya mbili tu ndani: zinachaji simu vizuri, lakini kompyuta haitaiona bodi yako hata ukeshe ukitafuta draiva. Ukishindwa kupakia programu kwenye bodi mpya, badilisha kebo kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Kanuni za USB 2.0, zilipotoka mwaka 2000, ziliitaka poti yenye nguvu itoe kati ya volti 4.75 na 5.25. Poti dhaifu, kama ya habu (kifaa cha kuongeza poti) isiyo na chaja yake, inaruhusiwa kushuka hadi 4.4. Kwa hiyo ukipima ukapata 4.5 usiseme poti imeharibika. Huenda iko ndani ya sheria kabisa.

Ampea ndizo zenye utata zaidi. Kwa kanuni hizohizo, kifaa kinapochomekwa kwenye kompyuta kinaruhusiwa kuvuta miliampea 100 mpaka kijitambulishe. Kikishasema ni nani na kinahitaji kiasi gani, kompyuta inaweza kukiruhusu kufika 500. USB 3.0, ya mwaka 2008, ilipandisha viwango hivyo hadi 150 na 900. Kompyuta ikilala, kifaa nacho kinatakiwa kishuke hadi miliampea 2.5. Ukweli wa mezani ni kwamba kompyuta nyingi hazifuatilii kila miliampea. Zina kinga inayokata umeme ukizidi sana. Ndiyo maana mradi unaovuta 300 bila kuomba ruhusa hufanya kazi mwaka mzima, halafu siku unapoongeza mota ndogo au taa za rangi, poti inazima ghafla na kipanya kinakufa pamoja nayo.

Chaja ya ukutani haina mazungumzo hayo. Kanuni ya kuchaji ya mwaka 2010, iitwayo BC 1.2, iliweka njia rahisi: ndani ya chaja, D+ na D- zinaunganishwa pamoja. Simu ikigusa ikakuta zimeungana, inajua hapa hakuna kompyuta, na inaweza kuvuta hadi ampea 1.5. Kwa hiyo hata kwenye kuchaji tu, waya za data zina kazi yake.

Hapa pia pana woga ambao hauna msingi. Mtu ana chaja iliyoandikwa ampea 3 na anaogopa kuichomeka kwenye bodi inayohitaji nusu ampea. Duka lenye magunia mia ya sukari halimlazimishi mteja wa robo kilo abebe gunia. Namba iliyo kwenye chaja ni uwezo wake wa juu, na bodi huvuta inachohitaji. Kinachoua bodi ni volti kuzidi. Ampea za ziada huwa hatari pale tu ulipounganisha vibaya na waya mbili zikagusana, kwani chaja kubwa ina moto mwingi zaidi wa kumwaga kwenye kosa hilo.

Kamba hukatikia pembamba, na kwenye miradi mingi ya USB pembamba ni kebo. Chukua yoyote uliyo nayo, uisogeze kwenye mwanga, usome maandishi madogo kwenye ganda lake. Kebo nzuri mara nyingi huandikwa kitu kama 28AWG/1P 24AWG/2C. Maana yake ni kwamba jozi moja ya data ni ya geji 28, na waya mbili za umeme ni za geji 24, ambazo ni nene zaidi. Geji ikipanda waya inakonda. Kebo ya bei rahisi huwa ya geji 28 kote, na nyingine hazina maandishi kabisa, jambo ambalo nalo ni ujumbe.

Sasa tufanye hesabu. Waya ya shaba ya geji 28 ina ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita. Umeme huenda kwa nyekundu na kurudi kwa nyeusi, kwa hiyo kebo ya mita 3 ina mita 6 za waya, yaani karibu omu 1.28. Bodi ikivuta nusu ampea, volti 0.64 zinapotea njiani. Poti iliyotoa volti 5 kamili sasa inafikisha 4.36. Kwa geji 24 upotevu huo ungekuwa volti 0.25 tu.

Je, 4.36 haitoshi? ESP32 yenyewe inatumia volti 3.3, na mtu anaweza kudhani bado kuna nafasi kubwa. Lakini bodi nyingi za bei nafuu hushusha volti kwa regyuleta ya AMS1117, ambayo inahitaji kupokea zaidi ya volti moja juu ya inachotoa, kwa kawaida 1.1 hadi 1.3. Ili itoe 3.3 inataka angalau 4.4. Bodi nyingi pia zina dayodi mlangoni, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inayokula volti 0.3 hivi. Ukijumlisha, umeshaingia kwenye deni kabla Wi-Fi haijawaka. Watengenezaji wa ESP32 wanashauri chanzo cha umeme kiweze kutoa angalau miliampea 500, na sababu ni hiyo: Wi-Fi inapoanza kurusha, mvuto hupanda kwa ghafla, volti zinazama, chipu inajikinga kwa kujizima na kuanza upya. Kwenye skrini yatatokea maneno “Brownout detector was triggered”. Ukiyaona, acha kusoma programu mstari kwa mstari. Chukua kebo fupi na nene.

Kipima volti cha kawaida hakitakuonyesha mzamo huo, kwa sababu hutokea na kuisha kabla namba haijabadilika. Kitakuonyesha wastani, na wastani utakuwa mzuri.

Poti ya Type-C, iliyokuja mwaka 2014, ilileta fumbo lake ambalo limewafanya watu kutupa vifaa vizima. Chaja yenye tundu la Type-C haitoi umeme mpaka ihakikishe kuna kifaa upande wa pili. Inafanya hivyo kupitia pini mbili ziitwazo CC1 na CC2. Kifaa kinatakiwa kiwe na rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya omu 5,100 kutoka kila moja ya pini hizo kwenda graundi. Chaja ikiiona rezista hiyo, inafungua volti 5. Isipoiona, inanyamaza.

Moduli nyingi za bei nafuu zilizo na tundu la Type-C hazina rezista hizo. Matokeo yake huchanganya sana. Ukitumia kebo ya zamani yenye kichwa cha mstatili upande wa chaja, moduli inafanya kazi, kwa sababu poti ya mstatili huwa na volti 5 wakati wote. Ukitumia kebo yenye Type-C pande zote mbili, kimya. Mwenye kifaa anasema chaja mpya ni mbovu, muuzaji anasema kebo, na wote wamekosa. Dawa ni rezista mbili za shilingi chache zenye mistari ya kijani, kahawia, nyekundu na dhahabu, kila moja kwa pini yake. Usitumie rezista moja kwa pini zote mbili. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilitoka mwaka 2019 ikiwa imeunganisha pini hizo mbili kwenye rezista moja, na baadhi ya chaja zikitumiwa na kebo zenye chipu ndani zikakataa kuiwasha. Bodi za baadaye zilirekebishwa.

Vipi kuhusu chaja za lapotopu za Type-C zenye volti 20? Hizo pia huanza na 5. Zinapanda baada ya kifaa kuomba kwa lugha ya kanuni iitwayo Power Delivery, ambayo tangu mwaka 2021 inaweza kufika volti 48 na wati 240. Bodi yako haijui lugha hiyo, kwa hiyo itapewa 5 na iko salama. Hatari iko kwenye vile vimoduli vidogo vya kuombea volti 9, 12 au 20. Ni vizuri sana kwa kuendesha mota, ila mtu akikiacha kimewekwa kwenye 12, kesho akakitumia kuwasha ESP32, harufu itamweleza.

Sasa zile waya za data, mahali ambapo ile imani ya volti 5 inaumiza kimyakimya. Kwa kasi za megabiti 1.5 na 12 kwa sekunde, ambazo ndizo miradi mingi ya nyumbani hutumia, D+ na D- huzungumza kwa volti 3.3 hivi. Ishara ya juu iko kati ya 2.8 na 3.6, ya chini haizidi 0.3. Kasi ya megabiti 480 hushuka zaidi, hadi milivolti 400. Hakuna mahali popote hapo ambapo volti 5 inahitajika.

Kompyuta hugundua kuwa umechomeka kitu kwa njia ya kupendeza. Upande wake, D+ na D- zimevutwa chini na rezista za omu 15,000. Kifaa cha kasi ya megabiti 12 kina rezista ya omu 1,500 inayoivuta D+ kwenda volti 3.3, cha megabiti 1.5 kinaivuta D-. Rezista ndogo inashinda kubwa, waya inapanda hadi volti 3, na kompyuta inajua mgeni amefika na ni wa kasi gani. Ukipima D+ na D- wakati huo ukakuta zote ni sifuri, kifaa hakijajitangaza. Wanaotumia chipu za AVR za volti 5 zisizo na USB ndani, huku programu ikifanya kazi ya USB, huweka dayodi za zena za volti 3.6 kwenye waya hizo ili zisipande kupita kiasi.

Lakini kwenye mradi wetu wa tangi, ishara za USB hazifiki ESP32 kabisa. Kati yake na poti kuna chipu ya kutafsiri, kama CH340 au CP2102, inayogeuza USB kuwa mazungumzo ya waya mbili, TX ya kutuma na RX ya kupokea. Baada ya chipu hiyo, volti za ishara zinategemea bodi iliyopo. Kwenye Arduino Uno, bodi nyingine ya wanaoanza, ni 5. Kwenye ESP32 ni 3.3. Kwenye mashine kuukuu zenye tundu la pini tisa, zile za risiti au mizani ya dukani, ishara huenda hasi na chanya, na kanuni yake inaruhusu hadi volti 15 kila upande. Zote huitwa “siriali”. Mtu akiunganisha mashine ya risiti moja kwa moja kwenye ESP32 kwa sababu zote ni siriali, hatahitaji kusoma makala hii tena. Atahitaji bodi nyingine.

Adapta za USB kwenda TX na RX mara nyingi zina kijipini cha kuchagua 3.3 au 5. Usikiamini hivihivi. Kuna zile ambazo kijipini kinabadilisha umeme wa pini ya VCC tu, huku TX ikibaki ilipokuwa. Kujua ni rahisi: TX ikiwa haitumi chochote hukaa juu, kwa hiyo weka kipima volti kati ya TX na graundi usome. Namba hiyo ndiyo ishara utakayoipeleka kwenye chipu yako.

Kwa nini iwe muhimu hivyo? Kwa sababu pini ya ESP32 haitakiwi kupata zaidi ya volti 3.6, nayo HC-SR04 ikiwashwa kwa volti 5 hurudisha mwangwi kwa volti 5. Watu wengi huziunganisha hivyohivyo na huona zinafanya kazi, kisha hueneza habari kwamba hakuna tabu. Pini huchoka bila kutoa taarifa, inasoma vibaya wiki kadhaa, halafu inakufa. Rezista mbili zinatosha: ya omu 1,000 kutoka pini ya Echo hadi ESP32, na ya omu 2,000 kutoka hapo hadi graundi. Volti 5 zinagawanyika na 3.33 ndizo zinazobaki.

Upande wa pili, ishara ya 3.3 kuelekea kifaa cha volti 5, tatizo si kuungua bali kutosikika. Kila chipu ina kiwango ambacho chini yake haihesabu kuwa ishara iko juu. Uno inataka asilimia 60 ya umeme wake, yaani volti 3.0, kwa hiyo 3.3 inapita kwa shida. Taa za rangi za WS2812 zinataka asilimia 70, yaani 3.5, na hapo 3.3 inashindwa kwenye karatasi hata kama mezani leo zinawaka. Zikianza kumetameta zenyewe siku ya sherehe, sababu unaijua. Na kwa vyovyote vile graundi za vifaa vyote ziunganishwe. Volti hupimwa kati ya nukta mbili, na bila graundi ya pamoja hakuna anayejua sifuri iko wapi.

Imebaki SIM800L, na hiyo ndiyo iliyowashinda wengi, kwa sababu inakataa 5 na inakataa 3.3 pia. Inataka kati ya volti 3.4 na 4.4. Kiwango hicho si cha ajabu ukikumbuka kilitungwa kwa betri ya simu: betri ya lithiamu huishi humohumo, 4.2 ikiwa imejaa na karibu 3.5 ikikaribia kuisha. Ukiipa 5 inaungua au inajizima, ukiipa 3.3 ya bodi inawaka taa, inatafuta mtandao, inakufa, inaanza upya.

Kuna tatizo la pili juu ya hilo. Mtandao wa GSM hugawanya muda katika vipande vinane, na simu hurusha katika kimoja, kwa muda wa mikrosekunde 577 hivi. Katika kipande hicho moduli inaweza kuvuta ampea 2. Kwa wastani ni robo ampea tu, na ndiyo namba kipima chako kitaonyesha, ukashangaa chaja ya ampea 1 inashindwaje. Watu huweka kapasita (kipande kinachotunza umeme kidogo) ya mikrofaradi 1,000 na kuamini imetosha. Lakini ampea 2 kwa mikrosekunde 577 zikitoka kwenye kapasita hiyo peke yake zingeshusha volti 1.15, na hakuna volti 1.15 za kupoteza kati ya 4.4 na 3.4. Kapasita inasaidia ikiwa karibu kabisa na pini za moduli na nyuma yake kuna chanzo chenye nguvu. Usiiweke kwenye waya nyekundu inayotoka kwenye kompyuta: kanuni za USB zinakitaka kifaa kisizidi mikrofaradi 10 kinapochomekwa, kwa sababu kapasita tupu huvuta kama waya zilizogusana.

Mimi ningeacha kuhangaika na chaja na kuipa moduli ilichotungiwa. Betri ya lithiamu ya 18650, hata iliyotolewa kwenye pakiti kuukuu ya lapotopu ikapimwa na kuonekana nzima, iende moja kwa moja kwenye SIM800L kwa waya fupi. Moduli ya TP4056 ichaji betri hiyo kutoka poti ya sola. Ishara nazo zinahitaji uangalifu: SIM800L huzungumza kwa volti 2.8 hivi. ESP32, inayotaka asilimia 75 ya 3.3, yaani karibu 2.5, itaisikia. Uno inayotaka 3.0 haina uhakika wa kuisikia. Kutoka bodi kwenda moduli, gawanya kwa rezista.

Pawabenki ingeonekana rahisi zaidi, lakini nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo, na kifaa kinacholala saa nzima ili kiamke na kupima tangi ndicho mzigo mdogo wenyewe. Namba yake pia isomwe kwa makini. Miliampea-saa 10,000 ni za betri ya ndani ya volti 3.7, yaani wati-saa 37. Kwa volti 5 ni 7,400, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye kubadilisha.

ESP32 itapata volti 5 zake kutoka betri ileile kupitia moduli ya kupandisha volti, inayoingia kwenye pini ya 5V ya bodi. Siku ya kubadilisha programu, panda na lapotopu, lakini chomoa waya hiyo ya 5V kabla ya kuchomeka kebo. Vyanzo viwili vya volti 5 huwa havilingani kamwe. Kilicho juu kidogo husukuma umeme kwenye kilicho chini, na bodi isiyo na dayodi mlangoni itaupeleka moja kwa moja hadi kwenye poti ya lapotopu.